Mwaka Mmoja Iowa: Mambo Niliyotamani Kuambiwa Kabla ya Kupanda Ndege

(Haya ni maneno ya dada yetu aliyeongea na vijana Jumamosi baada ya Alasiri. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Shukran kwa kunialika. Nimeambiwa niongee juu ya mwaka wangu wa Marekani na niwatie moyo. Sasa nyinyi mliokaa hapa mbele na fomu mikononi, moyo tayari mnao. Sikuja kuwauzia Marekani, wala sikuja kuwatisha. Nimekuja kuwaambia yale ambayo mimi hakuna aliyeniambia, nikayajua baada ya kuumia.

Nilikuwa na miaka 16, kidato cha pili, shule ya kutwa hapa hapa Mombasa. Mpango niliokwenda nao unaitwa YES, jina kamili Kennedy-Lugar. Unakwenda mwaka mmoja wa shule, unakaa nyumbani kwa familia ya Kimarekani, unasoma shule ya upili ya kawaida na watoto wao, halafu unarudi. Tiketi, bima na pesa kidogo za kila mwezi unalipiwa. Ile familia hailipwi hata senti, wamejitolea. Na kuomba hakuna ada. Mtu akikwambia toa elfu tano nikuwekee nafasi, huyo ni tapeli, mwache na hizo suti zake.

Lakini jiulize: kwa nini serikali ya Marekani ilipe yote hayo kwa mtoto wa Kisauni? Mpango huu ulianzishwa na Wizara yao ya Mambo ya Nje Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zenye Waislamu wengi. Hao Kennedy na Lugar walikuwa maseneta wawili wa vyama tofauti waliousimamia. Fikra ilikuwa kwamba watu wakikaa nyumba moja na kula meza moja watapunguza kuogopana. Mimi sioni ubaya hapo. Nasema tu ujue kwa nini umealikwa. Hukuitwa kwa sababu ya hesabu zako peke yake. Umeitwa pia kwa sababu ya hilo jina lako na hicho kitambaa kichwani, na siku ya kwanza tu utaanza kuulizwa juu yake.

Pasipoti ndiyo iliyotutoa jasho. Usaili wa Kiingereza nilipita, insha nikapita, kisha nikakwama dirishani ofisi moja, nikaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu! Mzee alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, nani alikuwa anaandika vyeti? Babangu alikwenda mara saba. Kwa hivyo kama cheti chako cha kuzaliwa kina herufi moja isiyofanana na ile ya kitambulisho cha mzazi, shughulikia wiki hii. Usingoje uitwe.

Tuliondoka Agosti 2017, uchaguzi umetoka tu kupigwa tarehe 8, mji umenyamaza, maduka mengi yamefungwa. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo Rais Trump alikuwa ametia sahihi amri ya kuzuia watu wa nchi saba za Kiislamu. Kenya haikuwemo, Somalia ilikuwemo. Kwenye kundi letu kulikuwa na mwenzetu Mkenya Msomali, na mamake alikuwa haamini kama mtoto atafika. Alifika. Tulifika wote.

Mimi nikapangiwa Iowa. Huchagui jimbo, unapangiwa. Nilipotazama ramani nikaona ni katikati kabisa ya nchi, bahari hakuna upande wowote. Mji wenyewe mdogo, mahindi mpaka upeo wa macho. Na nguruwe. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa nguruwe, wapo zaidi ya milioni 20, na watu ni kama milioni tatu. Mungu ana mambo yake.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Kwenye fomu yangu ya maombi kulikuwa na swali: kuna chakula usichokula? Kuna jambo lolote la dini au desturi ambalo familia inafaa kulijua? Nikaandika hakuna shida. Niliogopa. Niliona nikijaza masharti mengi wataniona msumbufu, wamchague mwengine. Familia ilinichagua ikiwa na karatasi hiyo mkononi. Kwa hivyo yaliyofuata mlango niliufungua mwenyewe.

Walikuja kunipokea na puto na bango lenye jina langu. Baba, mama, mtoto wa kiume wa miaka tisa, na mbwa mkubwa. Wakaniambia niwaite kwa majina yao. Sasa wewe umelelewa Mombasa, utamwita mtu wa rika la mamako kwa jina tupu? Mdomo ulikataa. Nikawa siwaiti chochote. Nikitaka kitu naenda kusimama kando ya mtu mpaka ageuke anione. Mwezi mzima nilikuwa nasimama hivyo, kama jini.

Chakula cha kwanza kilikuwa na nyama ya nguruwe ndani ya maharagwe. Nikasema asante, nimeshiba. Cha pili vilevile. Nikawa nakula mkate, maziwa, ndizi na karanga, na usiku biskuti nilizotoka nazo nyumbani. Nyanyangu alinifundisha kwamba mgeni hachagui, anakula alichopewa au anashukuru na kunyamaza. Hiyo ndiyo heshima niliyokwenda nayo. Basi nikanyamaza, nikakonda.

Swala nazo nilikuwa nasali chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo, kwa sababu ya mbwa na kwa sababu ya haya. Kumbe nyumba ile mlango wa chumba ukifungwa mchana ni habari: mtu amekasirika, au ana jambo analificha. Mimi najifunga mara kadhaa kwa siku, sili mezani, simwiti mtu jina. Hebu jiweke wewe mahali pa yule mama uone ungefikiria nini.

Idi ya kuchinja ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Septemba. Nilikwenda shule. Sikuomba ruhusa, kwani nilijua naweza kuomba? Nilikaa darasa la kemia nikanusa pilau ya mamangu kichwani. Siku hiyo hiyo ndiyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, simu yangu inatetema chini ya meza, na pale darasani hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia.

Siku kumi baadaye ni Septemba 11. Mwalimu wa historia alionyesha video ya yale majumba. Taa zimezimwa, na nilihisi shingo zote zinageuka pole pole kunitazama. Hakuna aliyenitukana, niseme haki. Ni macho tu. Video ilipokwisha mwalimu akauliza kama kuna anayetaka kusema kitu. Sijui nguvu nilitoa wapi, nikainua mkono. Nikawaambia kwetu tarehe hiyo ni Agosti 7. Mwaka 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi ulipolipuliwa, walikufa watu zaidi ya 200, na karibu wote walikuwa Wakenya waliokuwa kazini, benki, ndani ya mabasi. Na Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Na Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, roho 148. Darasa zima hawakuwa wamewahi kusikia. Msichana wa nyuma yangu aliuliza, "Kwa hivyo na nyinyi mliuawa?" Ndiyo, na sisi.

Ila sikuwaambia yote. Sikuwaambia juu ya vijana wa huku kwetu waliochukuliwa usiku mbele ya mama zao na mpaka leo hawajulikani waliko. Mwenzangu wa madrasa nduguye ni mmoja wao. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuichongea nchi yangu mbele ya wageni. Nilikuwa na miaka 16. Bado sijaamua kama nilifanya sawa, na nyinyi mtakaokwenda mtafika kwenye jambo hilo hilo: wewe ni balozi wa nani? Wa serikali, au wa mtaa wako?

Mwisho wa Septemba yule mama akampigia simu mratibu. Kila mwanafunzi ana mratibu wa eneo lake, na kanuni zinamtaka awasiliane nawe kila mwezi. Akaja, tukakaa mezani sote. Mama akaanza kwa kulia. Akasema, "Huyu mtoto anatuchukia." Nilishtuka, nikahisi kama nimepigwa kofi.

Mratibu akaniuliza, "Kwa nini huli?"

Nikasema, "Kwa sababu ya nguruwe."

Mama akasema, "Mbona hukuniambia?"

Nikasema, "Ulikuwa umeshapika."

Alicheka na machozi yake. Akatoa ile fomu, akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe: hakuna shida. Tulikaa pale mpaka usiku. Nikaeleza yote, nguruwe, nyama isiyochinjwa, samaki na mayai ninaokula, mlango, swala, mbwa, majina. La majina tulilimaliza kwa mimi kumwita Mama, kwa Kiswahili, na mumewe Baba. Yule mtoto akaanza kuwaita hivyo hivyo. Kesho yake mbwa alikatazwa kuingia chumbani kwangu. Jambo lililonitesa wiki sita lilitatuliwa kwa dakika ishirini, na usiku ule sikulala kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililipokea, niliosha vyombo, nilifagia theluji. Kumbe anayeshika jembe ana haki ya kuuliza shamba lina nini. Hilo sikulijua.

Wala si kila nyumba huisha vizuri hivyo. Mwenzangu mmoja jimbo jingine alisema, akasema tena, hawakusikiliza. Aliomba kuhamishwa na akahamishwa. Kubadilishiwa familia si aibu, na si kurudishwa nyumbani. Utapewa kadi yenye nambari za dharura za shirika lililokupeleka na za Wizara yenyewe. Hifadhi nambari hizo kichwani, si kwenye simu tu. Mtu mzima yeyote akikugusa au akikutisha, au akikwambia hili libaki kati yetu, piga. Usianze kufikiria heshima saa hiyo.

Sasa shule. Mambo ya kabati la chuma, basi la njano na kuhama darasa kila kengele mmeyaona kwenye filamu, nayaruka. Nataka niwaambie juu ya bendera. Shuleni petu kila asubuhi wanafunzi walisimama, mkono kifuani, wakaisomea bendera ya Marekani kiapo cha utiifu. Wiki ya kwanza nilisimama nikasema nao, maneno nimeyakariri kwa kuwasikiliza. Wiki ya pili nikajiuliza, mimi naapia nini hapa? Mimi si raia wao. Nikamuuliza mwalimu kwa woga. Akaniambia hulazimishwi, na si hisani yangu, ni sheria. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kusalimu bendera. Kesi ililetwa na wazazi wa West Virginia, Mashahidi wa Yehova, waliokataa kwa ajili ya dini yao na watoto wao wakafukuzwa shule. Basi kuanzia siku hiyo nilikuwa nasimama kimya, mikono chini. Mara nyingi niliwafikiria wale watoto. Haki niliyoitumia mimi, binti wa Kiislamu wa Mombasa, ilipiganiwa na watu ambao huku kwetu wakibisha hodi tunajifanya hatupo.

Hijabu pia ina historia kule. Mwaka 2003 mtoto wa darasa la sita mji wa Muskogee, Oklahoma, alisimamishwa shule kwa sababu ya hijabu. Familia ikaenda mahakamani, na mwaka uliofuata serikali kuu yenyewe ikasimama upande wa mtoto, shule ikabadilisha kanuni. Wakati nimekaa darasani Iowa na hijabu yangu, hapa Kenya jambo lenyewe lilikuwa bado linavutana mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule. Sisemi kule ni pepo. Nasema niliona ajabu, kuwa huru zaidi na kitambaa changu mbele ya wafugaji wa nguruwe.

Baridi sielezi, haielezeki. Mwaka mpya ilifika zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nikatoka na nywele mbichi, zikawa ngumu kama waya.

Mama alinipeleka Cedar Rapids, mwendo wa saa mbili kwa gari, kuuona msikiti wa zamani. Unaitwa Mother Mosque of America, ulijengwa 1934, na ndio mkongwe zaidi katika yale yaliyojengwa Marekani kwa makusudi ya kuwa msikiti na bado yamesimama. Nilitarajia minara. Nikakuta kijumba cha mbao na kuba dogo juu ya mlango, nyumba za jirani kubwa kuliko wenyewe. Waliujenga wahamiaji Waarabu, wachuuzi na wenye maduka, wakati wa ule umaskini mkubwa wa miaka ya thelathini. Nilisali rakaa mbili, Mama ananingoja nyuma amevaa leso yangu kichwani, ameifunga vibaya.

Halafu ikaja Ramadhani. Tulianza Alhamisi, Mei 17, 2018. Jua linazama saa mbili na nusu usiku, na alfajiri inaingia kama saa kumi. Usiku wa kwanza wa daku niliteremka nikanyata nisimwamshe mtu, nikamkuta Baba jikoni anakaanga mayai. Alikuwa ametega saa. Hakusema kitu, alinisukumia sahani.

Siku ya pili, Ijumaa, nikiwa shuleni, ikaja habari ya Santa Fe, Texas. Mwanafunzi ameingia shule ya upili na bunduki, ameua watu kumi, wanafunzi wanane na walimu wawili. Mmoja wa wanafunzi alikuwa msichana wa miaka 17 kutoka Karachi, Pakistan. Mwenzetu. Mpango huo huo, mwaka huo huo, na zilibaki wiki chache arudi kwao kula Idi. Sikuwahi kumjua, yeye Texas mimi Iowa. Lakini nilimjua. Yeye pia alisaini karatasi zile zile.

Mamangu alipiga simu usiku wa Mombasa. Hakuweza kuongea, nilikuwa nasikia pumzi tu. Babangu akachukua simu akasema, "Rudi." Nikamwambia baba, zimebaki wiki tatu. Akasema, "Na yeye zilibaki wiki." Sikuwa na jibu. Mama wa Iowa alichukua simu akataka kumtuliza, Kiingereza kikagongana, wakaishia kulia wote wawili, kila mtu upande wake wa dunia. Nilibaki. Jumatatu nilirudi shule, na nilikuwa natazama mlango kila unapofunguka. Wenzangu wa Kimarekani waliniambia wao hutazama mlango hivyo tangu wakiwa wadogo, na hufanya mazoezi ya kujificha. Mnaotaka kwenda, waambieni wazazi wenu jambo hili kabla hawajasaini. Msiwafiche.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Wenzangu wako kidato cha tatu, mimi nikaambiwa nirudie cha pili, manake alama za kule hapa hazihesabiki. Viza ya J-1 ina sharti: kwa sisi tuliolipiwa na serikali yao, huwezi kuomba ukaazi wala viza ya kazi mpaka ukae kwenu miaka miwili. Sharti hilo mimi nalikubali. Lakini nyumbani kwenyewe nikawa mgeni. Mamangu alisema, "Umerudi na mdomo." Nikisema jambo lisilonipendeza, ati Uamerika. Mjomba alishasema toka mwanzo kwamba nitarudi nimegeuzwa, na kila nikifungua kinywa anamtazama babangu, kama kumwambia, si nilikwambia.

Mwaka 2019 nikatimiza 18, nikaenda kuchukua kitambulisho, mamangu kando yangu. Foleni toka asubuhi. Nilipofika, swali lile lile: cheti cha babu. Nikasema, kwa adabu, "Naomba uniandikie hapa ni sheria gani inayotaka cheti cha babu, niende nacho nyumbani." Mamangu alinibana mkono kwa nguvu ninyamaze, alama za kucha zilibaki. Yule bwana alinitazama muda mrefu. Hakuandika chochote. Lakini fomu yangu aliipokea siku ile ile. Kitambulisho chenyewe nilikipata baada ya miezi minne, msifikiri ni muujiza.

Tulipotoka nje mamangu hakusema kitu mpaka tukapanda tuktuk. Kisha akasema, "Jumatatu twende na nduguyo. Naye amerudishwa mara tatu."

Haya, nimeongea sana na Magharibi inakaribia. Maswali. Naanza na wewe dada wa nyuma, umeinua mkono muda mrefu.